Nasi lemak ya Malaysia ni wali wetu wa nazi kabisa. Nani kamfundisha mwenzake?

#1 Mtu wa Makorora
Wakuu, habari za asubuhi.

Nipo Ipoh, mji wa Malaysia ulio kati ya Kuala Lumpur na Penang, kazi za mitambo ndizo zilizonileta. Kifungua kinywa cha hotelini ni mikate na soseji, nikaona bora nishuke mtaani kwenye mgahawa wa kahawa, wenyewe wanaita kopitiam. Meza za marumaru, viti vya mbao, feni za dari, wazee na magazeti yao ya Kichina. Mezani kuna vifurushi vya jani la mgomba vimekunjwa pembe tatu, unachukua mwenyewe na kulipa ulivyokula. Kufungua kimoja: wali wa nazi, dagaa wa kukaanga, karanga, tango, nusu yai na pilipili nyekundu ya kupikwa.

Jamani, huu ni wali wa nazi wa Tanga, ule ule. Umekosa mchuzi wa changu tu. Kilichozidi ni harufu ya jani fulani wanaloliita pandan, na hiyo pilipili ambayo ina utamu wa sukari kwa mbali.

Maswali mawili. Nani kamfundisha mwenzake? Mimi nasema mabaharia wetu wa pwani ndio walioupeleka huko, na sitanii. La pili, kesho niagize nini? Nipo hadi mwisho wa mwezi.

#2 Siti ya Mbele
Ngoja nikae mkao wa kula. Picha iko wapi lakini? Uzi wa chakula bila picha ni uonevu.

#3 MpembaWaGombak
Karibu sana mleta uzi. Mimi nasoma Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa hapa Gombak, Watanzania na Wakenya tupo wengi tu, kwa hiyo nikupe za mjini kabla hujaumbuka.

Kopitiam nyingi za Ipoh ni za Wachina. Mwenye duka anauza vinywaji. Wale wenye vibanda vya chakula mle ndani ni wapangaji wake, kila mtu na jiko lake na hesabu yake. Ukiagiza tambi kwa huyu na mkate kwa yule, kila sahani unailipia kivyake ikifika mezani, na kijana wa vinywaji naye anakuja na chake. Usikae pale bila kuagiza kinywaji, maana hicho ndicho kinacholipia kiti ulichokalia.

Kama ni Muislamu: vifurushi hivyo mara nyingi vimepikwa na mama wa Kimalay na kuletwa hapo alfajiri, lakini jiko la pembeni yake huenda linakaangia mafuta ya nguruwe. Bango la "hakuna nguruwe" si sawa na halali. Tafuta nembo ya JAKIM, idara ya serikali inayotoa cheti cha halali. Na duka kukosa nembo hakulifanyi haramu, kwa sababu kuomba cheti ni hiari. Ukiingiwa na shaka nenda kwa mamak, migahawa ya Waislamu wenye asili ya India, mingine haifungi usiku kucha.

Hilo la mabaharia wa Tanga kuwafundisha Wamalay kupika wali, umetuchangamsha tu asubuhi.

#4 Mzee wa Ngamiani
Mpemba, usicheke mapema. Kuna Mreno mmoja mfamasia, Tomé Pires, alikaa Melaka miaka ya 1512 hadi 1515. Aliandika orodha ya watu aliowakuta wakifanya biashara kwenye bandari ile, na ndani yake wamo watu wa Kilwa na watu wa Malindi. Melaka hiyo hiyo iliyopo Malaysia leo. Sasa mtu wa Kilwa yuko bandarini miezi anasubiri pepo zigeuke ndipo arudi. Atakula nini? Atakuna nazi yake apike.

#5 Siti ya Mbele
Mzee katisha. Mpemba jibu hoja.

#6 MpembaWaGombak
Shikamoo mzee. Sikatai kwamba walifika. Ila mtu kufika Kariakoo hakumfanyi awe ndiye aliyewafundisha Wazaramo kupika. Wamalay walikuwa na mchele na minazi karne nyingi kabla Melaka haijaanzishwa.

#7 Choroko
Wote mnaanzia mbali na penyewe. Safari yenyewe ilikuja huku, haikwenda kule. Watu wa visiwa vya kusini mashariki mwa Asia walivuka bahari hadi Madagaska, ndiyo maana Kimalagasi kinahusiana na lugha za Borneo. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata punje za mchele na choroko Komoro na Madagaska za karne ya 8 hadi ya 10, wakati huku bara katika kipindi hicho hicho watu walikuwa wanakula zaidi mtama na uwele. Ndizi asili yake huko. Minazi yetu nayo, ukipima vinasaba, imechanganyika na ya huko. Kwa kifupi mwalimu ni Mmalay, mwanafunzi ni sisi, na ada hatujalipa.

#8 Bint Lamu
@Choroko hapo kwenye mchele sawa, lakini mchele na nazi kupatikana Komoro haimaanishi mtu alivichanganya chungu kimoja. Hayo ni yako.

Mimi nadhani hakuna aliyemfundisha mtu. Nenda Sri Lanka, wana wali wa nazi. Indonesia wanao. Mpaka Kolombia, pwani ya Karibi, wanapika wali wa nazi na hawajawahi kumuona Mswahili wala Mmalay. Mtu akiwa na mnazi nyuma ya nyumba na gunia la mchele ndani, ataacha kupika hivyo kweli?

#9 Mama Tui Bubu
Mnabishana historia na hakuna hata mmoja aliyeuliza unapikwaje. Mimi nimekaa Kuala Lumpur na mume wangu alipokuwa masomoni, jirani yangu alikuwa Mmalay wa Negeri Sembilan, tukipikiana.

Sisi tunaanza na tui la pili, lile jepesi, mchele unaivia humo. Ukishakaribia kukauka ndipo unamwagia tui bubu, unageuza mara moja, unafunika na kupalia makaa juu ya kifuniko. Chini unapata ukoko, juu punje zinang'aa. Yeye alikuwa anatia tui lote kwa pamoja, chumvi, kipande cha tangawizi kilichopondwa, na jani la pandan amelifunga fundo ili lisichanike ndani ya wali. Wauzaji wengi wanapikia mvuke kabisa, ndiyo maana wao hawana ukoko. Nilipompikia wangu akaula, akaniuliza mbona juu una ladha ya moshi. Nikamwambia hiyo ndiyo Tanga.

Kwa hiyo mleta uzi unaposema "ule ule", ulimi wako una haraka.

#10 Mtu wa Makorora
Shikamoo mama. Moshi kweli haukuwepo. Lakini nazi ni ile ile, sirudi nyuma.

@MpembaWaGombak mimi ni mtu wa vyote, dini hainibani kwenye sahani. Nisaidieni jambo jingine: leo nimesema "coffee" nikaletewa kahawa na maziwa mazito yenye sukari, kijiko kikasimama. Mzee wa meza ya pili kapewa nyeusi. Mimi nitaipataje hiyo nyeusi? Na kwa nini inakuwa nyeusi tititi vile na nzito?

#11 MpembaWaGombak
Shika hapa:
Ukisema kopi, unaletewa yenye maziwa ya kopo yenye sukari. Kopi O, nyeusi na sukari. Kopi C, maziwa ya kopo yasiyo na sukari, ila sukari yenyewe wanatia pembeni. Ukiongeza "kosong" hakuna sukari kabisa. "Kurang manis", wapunguze sukari. "Ais", ya barafu. Chai ni hivyo hivyo, teh badala ya kopi. Kuna na cham, chai na kahawa kikombe kimoja, usicheke mpaka uionje.

Ukisema "bungkus" unafungiwa uondoke nayo. Usishtuke wakikumiminia kwenye mfuko wa nailoni, wakautia mrija na kuufunga kamba pembeni. Unautundika kidoleni kama samaki na kuendelea na safari.

Wazee waite "anko", akina mama "anti". Kwa mamak sema "bosi".

#12 Kahawa Tungu MSA
Hilo swali la weusi ndilo uzi wenyewe, mambo ya wali mngeyaacha. Nilikunywa kahawa hiyo Penang nikienda kwa mambo ya meli. Si kahawa tungu yetu ya mabuli. Ina harufu ya kitu kimeungua, halafu ukimeza unapata utamu kooni hata bila sukari. Mimi niliambiwa wanachanganya mahindi.

#13 Mhaya wa Kanyigo
Mahindi wapi! Hiyo ni robusta tu. Kahawa ya bei rahisi huko ni robusta, nyingi inatoka Indonesia na Vietnam. Robusta ukiichoma sana inakuwa nyeusi na chungu namna hiyo. Bukoba tunaijua tangu enzi za mababu, tunaichemsha na kuitafuna, wageni tunawapokea nayo.

#14 Dada Karaki
Robusta peke yake haitoi utamu kooni bwana Mhaya. Wanachoma buni pamoja na sukari na majarini. Sukari inaungua inaigandia buni kwa nje, ndiyo inayoleta ule weusi na ile harufu. Hiyo ya Ipoh wanayoiita kahawa nyeupe ni kwamba buni imechomwa na majarini bila sukari, inatoka rangi hafifu zaidi. Haina weupe wowote mpaka itiwe maziwa.

Mimi niko Maskati. Huku chai yetu ya karaki tunaitia maziwa ya kopo yasiyo na sukari, kama hiyo teh C yao. Nilipofika Johor Bahru nilihisi niko nyumbani, ila wao wanaivuta chai hewani kutoka bilauri moja kwenda nyingine mpaka povu linasimama. Teh tarik hiyo.

#15 Mhaya wa Kanyigo
Sawa, sukari ipo. Lakini kwa nini watie sukari? Kwa sababu buni ni ya hali ya chini, lazima waifunike. Tunarudi pale pale kwenye robusta.

#16 Fundi Mwiko
Na ninyi mmesahau chujio. Wanachujia kwenye soksi. Mfuko wa kitambaa umeshonewa kwenye waya, unazama ndani ya birika refu la bati. Karatasi inazuia mafuta ya kahawa, kitambaa kinayapitisha. Uzito unatoka hapo. Ondoeni sukari, badilisheni buni, soksi ikibaki bado ni nzito.

#17 Kahawa Tungu MSA
Soksi ya nani sasa?

#18 Fundi Mwiko
Ya babu yako.

#19 Bint Lamu
Malaysia yenyewe inalima liberika, Johor hasa, ile kahawa ya majani makubwa. Wengine wanasema ule utamu ni wa liberika ikichanganywa. Naongeza tu kuni.

#20 Mhaya wa Kanyigo
Liberika inapandwa huko kweli, ila kopitiam ya mtaani haitoi hela ya liberika safi. Bei ya kikombe ni shilingi ngapi mleta uzi?

#21 Mtu wa Makorora
Ringgit mbili na senti, ya barafu inazidi kidogo. Ringgit moja ni kama shilingi 600 za kwetu. Kafurushi ka wali nako hakafiki ringgit tatu.

Leo nimekula mkate wa kuchoma na kaya, jemu ya nazi, mayai, sukari na hilo jani lenu la pandan. Mkate umechomwa mkaani, katikati wameweka kipande cha siagi baridi hakijayeyuka. Unauma, siagi inaanza kuyeyuka mdomoni na kaya inafuata. Pembeni wakaleta mayai mawili ya nusu kuiva, unayavunjia kwenye kisosi mwenyewe, unatia sosi ya soya na pilipili manga nyeupe, unayakoroga. Niliyatazama. Ute unacheza. Mzee wa jirani akaninyooshea kidole na kucheka, akainua kisosi chake akanywa chote kwa mkupuo, halafu akamimina kahawa kwenye kisosi kingine apooze. Nikaona huyu na babu yangu ni walewale, babu na chai yake ya kisosi. Nikayanywa.

#22 Siti ya Mbele
Yai bichi Ugenini. Bima unayo?

#23 Mama Tui Bubu
Kaya si vigumu, ni kukoroga tu moto mdogo mpaka mkono ukatae. Ukiongeza moto inakuwa mayai ya kuvuruga matamu.

#24 Mtoto wa Kigoma
Mnasema majarini, mafuta ya kukaangia, yote hiyo ni mawese. Na mawese Malaysia waliyatoa wapi? Walikuja Kigoma wakachukua mbegu, leo wanatuuzia mafuta. Inauma sana.

#25 Choroko
Nilijua tu itafika hapa. Hii hadithi inasemwa hadi majukwaani lakini haikai sawa. Mchikichi asili yake Afrika Magharibi na Kati. Miche minne ilipandwa bustani ya Bogor, kisiwa cha Java, mwaka 1848, vizazi vyake vikaenda Sumatra na kisha Malaya. Shamba la kwanza la biashara Malaysia ni Tennamaram, Selangor, mwaka 1917. Mwaka 1917 Kigoma ndiyo kwanza Mjerumani ametoka, Mbelgiji ameingia. Nani angekuja kuchukua mbegu?

#26 Mtoto wa Kigoma
Kwa hiyo hawakuwahi kuja?

#27 Mzee wa Ngamiani
Walikuja, ila baadaye. Miaka ya 80 watafiti wao walizunguka nchi kadhaa za Afrika wakikusanya mbegu za michikichi ya pori, na Tanzania ilikuwemo. Wakati huo mashamba yao yalishakuwa makubwa. Na mwaka 1981 waliingiza mdudu kutoka Kameruni wa kuchavushia maua, kabla ya hapo walikuwa wanachavusha kwa mikono. Kwa hiyo kijana wa Kigoma una chembe ya ukweli, ila chembe.

#28 Mtoto wa Kigoma
Chembe hiyo hiyo inatosha kudai. Tumetoa na mdudu juu.

#29 Bint Lamu
Mdudu wa Kameruni, Kigoma inadai. Kazi ipo.

#30 Muuza Dagaa Malindi ZNZ
Turudi kwenye dagaa. Wale wa nasi lemak, wenyewe wanaita ikan bilis, ni ukoo mmoja na dagaa wetu wa bahari ya Zanzibar. Namna ya kutengeneza ni moja pia: wanachemshwa na maji ya chumvi kisha wanaanikwa. Tofauti ni kwamba wao wanapanga daraja, wadogo weupe bei juu, wengine wanauzwa wametolewa vichwa na matumbo kabisa. Sisi tunaanika wote pamoja, mchanga humo humo, mnunuzi atajijua. Kisha wanapakiwa kwenda Kongo.

#31 Mushi wa Bukavu
Na sisi wa Kongo ndio tunakula huo muchanga, asante sana ndugu. Huku kwetu ndagala tunapika na mawese na bugali. Kukaanga na karanga mpaka wakauke hivyo sijaona, lakini nitamwambia madamu ajaribu. Hiyo pilipili yao wanatia nini ndani?

#32 Dada Karaki
Sambal. Pilipili kavu iliyolowekwa, vitunguu, ukwaju, sukari, na belacan, uduvi uliochachushwa ukakaushwa kuwa kipande kigumu. Belacan ukiichoma jikoni majirani watagonga mlango. Siri ni kuikaanga pilipili muda mrefu mpaka mafuta yajitenge juu. Ikiwa mbichi itakuunguza tumbo.

#33 Mushi wa Bukavu
Uduvi wa kuoza? Basi iache ibaki huko.

#34 Mtu wa Makorora
Ripoti ya wiki hii. Jumamosi nilipanda treni hadi Butterworth, nikavuka kwa kivuko kwenda Penang. Nimekula asam laksa. Ni mchuzi wa samaki aliyepondwa, mchachu, tambi nene za mchele, juu yake nanasi, tango, vitunguu, majani ya nanaa na ua fulani la jamii ya tangawizi limekatwa vipande vyembamba. Halafu wanakupa kijiko cha kitu cheusi kizito cha uduvi ukikorogee mwenyewe. Jasho lilinitoka mpaka anti akaniletea tishu bila kuombwa.

Watu wa Zanzibar, hiki ni urojo. Uchachu, vitu juu, kijiko cha mwisho cha kuongezea makali. Sitanii tena.

#35 Muuza Dagaa Malindi ZNZ
Urojo una nanasi lini? Urojo ni unga, embe, ndimu, bajia, kachori, viazi, chipsi za muhogo. Tuheshimiane.

#36 MpembaWaGombak
Huyu kila anachokula ni cha pwani. Akipewa barafu atasema ni ya Pangani.

Na tahadhari wakuu, ukisema "laksa" bila kutaja mji hujasema kitu. Ya Penang ni hiyo chachu isiyo na nazi. Kuala Lumpur utaletewa ya mchuzi wa nazi na bizari. Hokkien mee nayo hivyo: Kuala Lumpur ni tambi nene zimekaangwa na soya nyeusi, Penang ni supu ya kamba. Watu wanagombana huko kwa ajili ya hizo kuliko ninyi na wali.

#37 Chapati Layer
Mimi nasubiri mtu aitaje roti canai. Wale jamaa wanarusha donge hewani mpaka linakuwa jembamba unaona meza upande wa pili, wanalikunja na kulikaanga, unapewa na dengu na mchuzi. Hiyo ni chapati yetu ya kusukuma yenye matabaka. Hapa hamna fumbo: Muingereza aliwapeleka Wahindi Malaya, wengi Watamili, mashamba ya mpira. Na akawaleta Wahindi wengine huku kujenga reli ya Uganda, 1896 hadi 1901. Chapati zimefuata reli na mpira.

#38 Kahawa Tungu MSA
Mombasa Wahindi walikuwepo kabla ya reli mzee, Vasco da Gama aliwakuta Malindi. Usimpe Muingereza sifa zote.

#39 Siti ya Mbele
Nimesikia UNESCO wameipa Malaysia nasi lemak kuwa urithi wa dunia. Sisi wali wetu tumelala.

#40 MpembaWaGombak
Uliosajiliwa Desemba 2024 ni utamaduni wao wa kifungua kinywa, watu wa makabila yote kukaa pamoja asubuhi. Nasi lemak, roti canai na teh tarik vimetajwa ndani yake. Urithi ni huko kukaa, kwenye migahawa kama hiyo ya mleta uzi.

Ndani ya nchi yenyewe wana orodha yao. Februari 2024 waliingiza bak kut teh, supu ya mbavu za nguruwe na mitishamba ya Kichina, maarufu Klang. Kelele zilipigwa, nchi ya Waislamu wengi urithi wa taifa uwe nguruwe. Wengine wakajibu mbona taifa ni la wote.

#41 Mtu wa Makorora
Nimeinywa hiyo. Unapewa na wali, na vitumbua vya unga vilivyokaangwa unachovya. Ina harufu ya dawa ya mitishamba, kijiko cha tatu unazoea.

Lakini kilichonimaliza Ipoh ni kuku wa kuchemsha na chipukizi za choroko. Unaona sahani unadharau: kuku mweupe, machipukizi yamechovywa maji ya moto yakamwagiwa soya na mafuta ya vitunguu. Kumbe machipukizi ni manene mafupi, yanalia mdomoni. Wenyeji wanasema ni maji ya hapa, mji umezungukwa na milima ya chokaa. Dereva wangu anasema ni uongo wa wauzaji, ni mbegu tu.

#42 Fundi Mwiko
Maji magumu yanabadilisha mboga, hilo ni la kawaida. Dereva anaendesha gari, hapandi choroko.

#43 Choroko
Mimi mwenye jina naunga mkono dereva.

#44 Mama Tui Bubu
Wanayatia giza na kuyawekea uzito juu yakiota, ndiyo maana yananenepa. Jirani yangu alikuwa akiotesha jikoni kwenye ndoo, na Kuala Lumpur hakuna maji ya Ipoh.

#45 Bint Lamu
Hilo jani la pandan naweza kulipata wapi huku? Nataka nijaribu wali wa mama Tui Bubu toleo la Kimalay.

#46 Muuza Dagaa Malindi ZNZ
Mkadi si ndio huo? Unguja tunaweka kwenye kikuba, pamoja na asumini na mrehani.

#47 MpembaWaGombak
Ni jamaa mmoja lakini si mmea mmoja. Mkadi tunaufuata ua, majani yake yana miba na hayana harufu ile. Wa huku ni jani lenyewe linalonukia, halina miba, watu wanapanda kwenye ndoo mlangoni. Usije ukatia jani la mkadi kwenye wali ukamlaumu mtu.

Zanzibar tuna doriani, shokishoki na mbirimbi, vyote vya pande hizi, ila pandan ya jikoni sijaiona Darajani. Mwenye shamba la viungo Kizimbani atuambie.

#48 Mzee wa Ngamiani
Unaona? Doriani, shokishoki, mbirimbi, ndizi, minazi. Vitu vimekwenda na kurudi miaka elfu, halafu mnataka wali tu ndio usisafiri. Mimi bado niko na mtu wangu wa Kilwa.

#49 Bint Lamu
Mzee, vyote ulivyotaja vimekuja huku. Taja kimoja kilichokwenda.

#50 Mtoto wa Kigoma
Mchikichi.

#51 Siti ya Mbele
😂😂 Kamaliza.

Mleta uzi, yai lile la kunywa nataka kujaribu nyumbani. Linakaa muda gani?

#52 Dada Karaki
Chemsha maji yatokote, zima moto, tumbukiza mayai, funika. Dakika sita mpaka saba kwa yai lisilotoka kwenye friji. Pilipili manga iwe nyeupe, na soya kidogo tu, ina chumvi.

#53 Siti ya Mbele
La kuku wa kienyeji nalo ni dakika hizo hizo? Ni dogo.